Nimekatwa vidole kiwandani na mi ni kibarua tu, je fidia ipo?

SWALI: "Habari mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 27 nipo Mwanza, nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Nina mwaka mmoja na miezi nane pale ila sina mkataba, sisi tunaitwa vibarua, tunaletwa na wakala, tunalipwa elfu 12 kwa siku na hela inaingia kwenye simu kila Jumamosi. Wiki tano zilizopita nikiwa shifti ya usiku mashine ya kuchuna ngozi ilinivuta mkono wa kulia, nikapoteza kidole cha shahada na cha kati, vyote kuanzia kiungo cha pili. Glavu nilikuwa nimevua kwa sababu zilishalowa zinateleza. Supavaiza ndo alinipeleka hospitali na yeye ndo alitoa maelezo, baadae nakuja kuona kwenye karatasi wameandika nimeumia nyumbani. Siku ya kwanza kiwanda kililipa hospitali, tangu hapo najilipia. Walinipa laki moja ya matumizi, sasa wakala ananipigia niende nikachukue laki tatu ila nisaini karatasi kwamba sina madai yoyote. Anasema kibarua hana fidia kisheria, halafu kosa ni langu sikuvaa glavu, na nikileta ujuaji sitaitwa tena kazini. Mama anasema nichukue yaishe. Mjomba anasema niende NSSF. Nifanye nini? Na ile laki moja niirudishe?"

JIBU:

Pole sana mdogo wangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia sio jambo dogo, hasa kwa mtu anayekula kwa mikono yake, na nimeona kwenye ujumbe wako hujaeleza hata mstari mmoja jinsi unavyojisikia, umeenda moja kwa moja kwenye hela na karatasi. Nakuelewa, kodi ya chumba haisubiri kidonda kipone.

Nikikusoma vizuri una mambo manne yanakuchanganya. Kwamba we ni kibarua kwa hiyo huhesabiki. Kwamba kosa lilikuwa lako. Kwamba karatasi ya hospitali inasema uliumia nyumbani. Na kwamba ukidai utapoteza kazi. Mawili ya kwanza hayana uzito kama ulivyoambiwa, la tatu ndo lina uzito wa kweli na ndo ntakaa nalo sana, la nne linahitaji akili kidogo. Ila kabla ya yote, hiyo karatasi ya laki tatu usiisaini. Akipiga tena mwambie kwa upole kwamba bado unatibiwa, dokta hajasema umefikia wapi, kwa hiyo huwezi kusaini kitu chochote. Usigombane naye, usimtishie mahakama, sema hivyo tu ukate simu.

Tuanze na hili la ukibarua, maana nimelisikia Mwanza hii mpaka masikio yamechoka. Kwenye viwanda vya samaki, kwa watu wa mbao, kwenye ujenzi kule Buhongwa, hata kwenye kuchambua pamba msimu ukifika, kila mtu anaambiwa "we si mwajiriwa we ni kibarua". Hilo ni neno la getini. Sheria haiangalii watu wanakuitaje, inaangalia unafanyaje kazi. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi kama kuna hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa pale: kwamba kuna mtu anakuelekeza namna ya kufanya kazi, kwamba saa zako anapanga mtu mwingine, kwamba umefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba unamtegemea yeye kwa kipato, kwamba vifaa ni vyake, kwamba humfanyii mwingine. Jambo moja tu linatosha kuanzia, halafu mzigo unahamia kwa mwajiri kuonyesha vinginevyo. Sasa we una shifti, una supavaiza, mashine sio yako uliyotoka nayo nyumbani, saa 45 unazimaliza ndani ya wiki moja tu ya kazi. Una karibu yote sio moja.

Kuhusu wakala, hapo ndo wanapenda kurushiana mpira, kiwanda kinasema mtu sio wetu ni wa wakala, wakala anasema mimi nawaunganisha tu. Hiyo sio kazi yako kuitatua. We andika majina yote mawili kwenye kila karatasi utakayopeleka, jina la kiwanda ulipoumia na jina la wakala aliyekuwa anakutumia hela, waache wenyewe wajibizane mbele ya maafisa.

Unachotakiwa kufanya wewe ni kukusanya ushahidi kwamba ulikuwa unafanya kazi pale, na usijione huna kitu kwa sababu hakuna mkataba. Zile meseji za kila Jumamosi, za mwaka na miezi nane, ni mkataba kuliko mkataba. Usizifute, na kama simu imejaa nenda kwenye duka la mtandao wako uombe taarifa ya miamala. Kitambulisho cha getini kama kipo. Ile karatasi ya kupima afya ambayo wote mnaogusa samaki mnapimishwa, mara nyingi ina jina la kiwanda juu, wengi wanaisahau kabisa. Picha mlizopiga mkiwa na mabuti na kofia nyeupe. Kundi la wasap la shifti yenu ambalo supavaiza anaandika nani aingie saa ngapi. Hata kitabu cha getini cha ile siku, huwezi kukichukua lakini unaweza kukitaja kwamba kipo, mlinzi aliandika jina lako na saa uliyotoka ukiwa umefungwa mkono.

Sasa la glavu. Hapa nataka uelewe kitu kinachowashinda hata baadhi ya mameneja. Fidia ya kuumia kazini haiendi kwa utaratibu wa nani mkosaji. Mambo ya zamani ilikuwa hivyo, ukiumia inabidi umshtaki tajiri na uthibitishe uzembe wake, na yeye ana mawakili na we una bandeji, kwa hiyo wengi walishindwa. Ndo yakaja makubaliano mengine: mwajiri anachangia mfuko hata kama mwaka mzima hakuna aliyeumia, na mfanyakazi akiumia analipwa bila kubishana kosa la nani. Ujerumani waliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1884, enzi za Bismarck, ndo huyohuyo ambaye jina lake limebandikwa kwenye lile jiwe letu pale Kamanga ambalo kila mgeni anapigia picha. Huwa nacheka nikipita pale, jiwe linajulikana dunia nzima ila hiyo kazi yake nyingine wanaoumia viwandani hapohapo mjini hawaijui.

Kwetu Bara sheria ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa 2008, na ndo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao watu tunauita WCF tu. Waajiri wote, serikali na binafsi, wanatakiwa wajisajili na wachangie. Ambacho kinaweza kukukosesha fidia ni utovu wa makusudi na mkubwa, mtu amelewa, mtu ameamua kuchezea mashine kwa utani, na hata hapo kama umepata ulemavu mkubwa au umefariki sheria inalegeza. Kuvua glavu zilizolowa saa nane usiku ili samaki asiteleze, ukiwa unafanya kazi ya tajiri kwa faida ya tajiri, hiyo sio utovu wa makusudi. Ukizidisha sana ni kutokuwa makini, na kutokuwa makini hakuzuii fidia.

Na tena niongeze, maana hili la glavu linanikera kidogo. Ile mashine ina rola lenye meno linalovuta ngozi na kisu mbele yake. Watu wa usalama kazini watakwambia kwenye mashine zinazovuta namna hiyo glavu iliyolegea yenyewe ni hatari, inadakwa na meno halafu inaingia na mkono. Kinga ya kweli pale ni kifuniko kinachozuia kidole kufika kwenye rola na swichi ya kuzima haraka iliyo karibu na mchunaji. Hivyo ni vitu vya mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka yeye afunike sehemu za hatari za mashine. Kwa hiyo mtu akikuuliza kuhusu glavu, jibu ukweli kwamba ulikuwa umevua na kwa nini, alafu muulize yeye kifuniko kilikuwepo? Usidanganye kwamba ulikuwa umevaa. Wenzako walikuona, na uongo mdogo kama huo ndo unaoharibu ukweli mkubwa.

Haya, sasa twende kwenye jambo lenyewe, "ameumia nyumbani".

Hapa ndo madai mengi yanafia. Tumekubaliana haubishani kosa la nani, ila kuna kitu bado unatakiwa uonyeshe: kwamba ajali imetokea ukiwa kazini na imetokana na kazi. Mfuko haukuwepo usiku ule, unasoma karatasi. Na karatasi ya kwanza kabisa ambayo watu wanaiamini ni ile ya hospitali, kwa sababu imeandikwa dakika chache baada ya ajali, na mtu asiye na maslahi. Ndo maana supavaiza alikuwa na haraka ya kuongea yeye. Sijui moyo wake, labda alielekezwa, labda aliogopa kwamba ataulizwa kwa nini mashine haina kifuniko, lakini sentensi ile moja, maneno mawili tu, ndo inayomsaidia mwajiri kuliko wakili yeyote. We wakati huo ulikuwa unavuja damu na unalia, nani angekuuliza.

Inarekebishika, ila kwa njia sahihi. Rudi hospitali ileile, kwenye kliniki unayosafishwa kidonda, omba kumuona dokta sio nesi wa bandeji tu, umweleze kwamba maelezo ya siku ya kwanza yalitolewa na mtu mwingine na hayakuwa sahihi, umweleze ilivyokuwa, saa, mahali, mashine gani. Usimwombe afute kilichoandikwa, hatafuta na hatakiwi kufuta, faili lililofutwafutwa linaonekana la kupikwa. Mwombe aongeze maelezo mapya kwa tarehe ya siku hiyo. Dokta ana kitu kingine cha kukusaidia ambacho hata supavaiza hakukifikiria: kidonda chenyewe kinaongea. Vidole vilivyovutwa na rola lenye meno havifanani na vidole vilivyokatwa na panga nyumbani, kunakuwa na michubuko, ngozi kuchunwa, mfupa kusagika, na picha ya eksirei ya usiku ule ipo. Muulize kwa adabu kama anaweza kuandika kwamba jeraha linaendana na mashine.

Halafu mashahidi. Kuna mtu alizima mashine. Kuna mtu alikufunga kitambaa. Kuna dereva aliyewapeleka. Waongee sasa wakati bado wanakumbuka na bado wapo, maana vibarua mnahama sana, leo yupo hapo kesho kaenda Geita machimboni au karudi Ukerewe kwenye dagaa. Mtu akuandikie karatasi kwa mkono wake, alichokiona kwa macho sio alichosikia, jina, namba ya simu, tarehe, sahihi. Wengine wataogopa na usiwalaumu, wana watoto. Ukipata wawili wanatosha. Na angalia simu yako, usiku ule au kesho yake ulimpigia au ulimwandikia nani? "Mama nimeumia kazini mashine imenikata" iliyotumwa saa kumi alfajiri ni ushahidi mzuri sana. Pia hiyo laki moja, na malipo ya hospitali ya siku ya kwanza, vyote vinauliza swali lilelile: kama aliumia nyumbani kwake, kiwanda kilimlipia hospitali kwa ajili gani?

Tuje kwa mjomba. Mjomba hakosei sana, zamani NSSF ndo walikuwa na mafao ya kuumia kazini, lakini kazi hiyo ilihamia WCF. Michango ya WCF ilianza kukusanywa Julai 2015 na fidia zikaanza kulipwa 2016. Kwa hiyo NSSF nenda kwa mambo ya NSSF, kwa mfano kuangalia kama kuna yeyote aliyewahi kukuchangia, hiyo nayo ikiwepo ni ushahidi wa ajira. Na mama naye anaposema uchukue yaishe nahisi anakumbuka enzi zile, maana sheria ya zamani ilikuwa na ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na 83,000 kwa kifo, ilikuwa imewekwa miaka mingi nyuma ikasahaulika hapo wakati hela imeshuka thamani. Kwa hesabu za mama laki tatu ni neema. Mwambie mambo yamebadilika.

Yamebadilika kiasi gani? Tupige hesabu, ila ichukue kama mfano maana kipato chako halisi watakipiga wao kwa wastani wa ulichokuwa unapata. Elfu 12 kwa siku, siku 26, ni 312,000 kwa mwezi. Kipindi ambacho huwezi kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, fidia ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato, na inaweza kwenda hadi miezi 24 kama hali inadai hivyo. Asilimia 70 ya 312,000 ni 218,400. Mkono kama huo kukaa miezi mitatu bila kushika kazi ni kawaida, hiyo ni 655,200, na hapo bado hatujagusa vidole vyenyewe. Wala matibabu, ambayo yanagharamiwa, pamoja na zile risiti ulizojilipia tangu wiki ya kwanza. Natumaini unazo. Kama ulikuwa unazitupa, rudi dirishani waombe wakuchapie nakala.

Vidole ni fungu lingine, ulemavu wa kudumu. Hapa subira inalipa. Asilimia ya ulemavu haipigwi kidonda kikiwa kibichi, inapigwa pale ambapo dokta ameridhika kwamba umepona mpaka mwisho wa kupona, hakuna kitakachobadilika sana tena. Ndo anaangalia umepoteza nini, vidole vipi, kiungo cha ngapi, mkono gani, kushika kumebaki kiasi gani. Ikizidi asilimia 30 unalipwa pensheni kila mwezi, ikiwa 30 au chini unalipwa mkupuo mara moja. Nikuambie ukweli usije ukajenga nyumba kichwani: vidole viwili kuanzia kiungo cha pili sitegemei vivuke 30, kwa hiyo jiandae kwa mkupuo sio pensheni. Na Mfuko unafidia kipato na uwezo wa kazi, haulipi maumivu, haulipi aibu ya kuficha mkono mfukoni ukipita Makoroboi. Kuna watu wanakuja wamesikia mamilioni ya watu wengine halafu wanakasirika, kumbe yule mwingine alipoteza mguu mzima au mshahara wake ulikuwa mara tano. Kuna pia huduma za utengamao, mazoezi ya mkono na hata kufundishwa kazi nyingine kama ile huiwezi tena, uliza habari zake mapema usisubiri uambiwe.

Sasa utajiuliza, kama Mfuko ndo unalipa kwa nini wakala anahangaika kukuziba mdomo kwa hela yake? Swali zuri, na jibu lake ni dogo kuliko unavyodhani. Mchango wa sekta binafsi sasa hivi ni asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi, ulianza asilimia 1 ukapunguzwa mpaka ukafika hapo Julai 2022. Kwa kipato chako ni shilingi 1,560 kwa mwezi. Soda mbili! Na hairuhusiwi kukatwa kwako, ni ya mwajiri. Nadhani hakimbii hiyo soda, anakimbia kwamba ukiingia wewe kwenye mfumo wataulizwa wengine wako wapi, mia mbili wanaoingia usiku bila jina kwenye orodha. Mwajiri asiyejisajili anakabiliwa na faini hadi milioni 50 au kifungo hadi miaka mitano au vyote. Hiyo ndo laki tatu yako inakotoka.

Inawezekana pia kiwanda kimesajiliwa vizuri na kinachangia, na huyu wakala tu ndo mjanjamjanja. Kwa hiyo usianze kwa vita. Andika taarifa fupi kwa mwajiri, kurasa moja: jina lako, kitengo, tarehe na saa ya ajali, mashine, majeraha, hospitali, majina ya walioona, na ombi kwamba wawasilishe taarifa WCF. Peleka nakala mbili ofisi ya watu wa utumishi pale kiwandani, moja wagonge muhuri ubaki nayo, wakikataa kugonga itume kwa wasap kwa meneja na kwa wakala, zile tiki mbili na skrini shoti zinatosha. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuifikisha kwenye Mfuko. Wengine wakiona barua ya namna hiyo wanabadilika ghafla, wanajaza fomu bila kelele, nimeona mara nyingi.

Siku 7 zikipita kimya usimsubiri. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF hapa Mwanza na bahasha yako, kitambulisho cha NIDA, karatasi za hospitali, meseji za malipo, barua yenye muhuri au skrini shoti, karatasi za mashahidi. Wakikuuliza kama mwajiri amesajiliwa sema hujui, hiyo ni kazi yao kuangalia kwenye mfumo. Kutosajiliwa ni kosa la mwajiri, usikubali mtu akwambie kwamba kosa lake linafuta haki yako. Muda wa kuleta madai ni miezi 12 tangu ajali, umeshatumia wiki tano, kwa hiyo una nafasi ila sio ya kulala. Itachukua muda, watakurudisha ukalete karatasi hii na ile, utachoka. Wanaodai wakakata tamaa, wengi wanakata mwezi wa pili au wa tatu wakati hela ya chumba imeisha na wakala bado anapiga simu. Hapo ndo ongea na mama na mjomba mapema, wajue safari ilivyo, hata kama ni kurudi nyumbani miezi miwili ule ugali wa muhogo wa bure.

Kuhusu kazi yenyewe sitakudanganya. Sheria inamzuia mwajiri kukuachisha bila sababu halali na bila kufuata utaratibu, na kwa mtu aliyeumia kazini anatakiwa aangalie kwanza kama kuna kazi nyingine nyepesi anaweza kumpa, kuhesabu maboksi, stoo, getini. Lakini kwa kibarua kinachotokea ni kimya tu, jina halionekani tena kwenye wasap ya shifti. Siku utakayoambiwa au kuonyeshwa kwamba basi, iandike tarehe hiyo. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na yana siku 30 tu tangu kuachishwa. Hiyo ni kesi nyingine tofauti na fidia, na watu wanachanganya wanasubiri fidia iishe ndo waende CMA, wanakuta siku 30 zilipita zamani. Kama kiwandani kuna tawi la TUICO, kile chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ongea na kiongozi wao hata kama wewe sio mwanachama, muulize tu. Na kama wakala ameshakusainisha kitu siku za nyuma ukiwa na maumivu, au kuna karatasi hukuielewa, hapo usiendelee kwa kusoma majibu kama haya, mtafute afisa kazi au msaidizi wa kisheria umuonyeshe karatasi yenyewe mkononi.

Na kuna sababu nyingine ya kutoka nyumbani ambayo haisubiri ofisi yoyote. Kidonda cha samaki ni kibaya, maji yale na ule utelezi vina wadudu wake. Kama kinatoa harufu au usaha, wekundu unapanda kuelekea kiganjani, una homa, au vidole vilivyobaki vinakufa ganzi na havikunji, nenda hospitali leoleo. Na kama usiku unashtuka unaisikia ile mashine, au unajisikia huna maana tena, mwambie dokta na hilo, liandikwe, ni sehemu ya kuumia kwako.

Ile laki moja usiirudishe. Hukusaini kitu, ilikuwa ya matumizi na ulishaitumia. Iandike tu kwenye daftari, tarehe, kiasi, nani alitoa, ilikuja kwa simu au mkononi, na ukiulizwa WCF iseme bila kuficha. Kama ilikuja kwa simu, meseji yake iweke juu kabisa kwenye bahasha.